Global Wind Atlas: ramani nzuri ya upepo, mwongozo mbaya wa soko

Global Wind Atlas ni huduma ya bure ya mtandaoni inayomwezesha mtu yeyote kujua wastani wa kasi ya upepo karibu mahali popote kwenye nchi kavu, na pia baharini kwa umbali wa hadi kilomita 200 kutoka pwani. Imetengenezwa na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark, kinachojulikana zaidi kwa kifupi cha DTU, na tangu mwaka 2017 Benki ya Dunia imekuwa mshirika wake. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2015, na la tatu, ambalo ndilo ninalolizungumzia hapa, lilitoka mwaka 2019. Naipima huduma hii kwa swali moja ambalo wengi wanaoifungua wanalo moyoni hata wasipolitamka: soko la umeme wa upepo litakua wapi? Kuhusu upepo wenyewe, sijaona huduma nyingine ya bure inayojibu vizuri kiasi hiki. Kuhusu soko haijibu lolote, na hatari inaanzia kwa msomaji anayedhani imejibu.

Sifa zake ni za kweli, na zinastahili kutajwa kwanza. Ramani imegawa ardhi katika vipande vya mita 250, kiasi kwamba unaweza kutofautisha upepo wa kilele cha kilima na ule wa bonde lililo chini yake. Unachagua kimo unachotaka, kuanzia mita 10 hadi mita 200 juu ya ardhi, nalo ni jambo la msingi kwa sababu mitambo ya siku hizi huchota upepo kwenye kimo cha mita 100 na zaidi, ilhali vituo vingi vya hali ya hewa hupima kwenye mita 10 tu. Ukichora mipaka ya eneo, pembeni hutokea takwimu zake: kasi ya wastani, mwelekeo ambao upepo huvuma zaidi, na namna unavyobadilika kati ya mwezi na mwezi na kati ya saa na saa. Data zote zinaweza kupakuliwa na kutumiwa hata kibiashara, mradi chanzo kitajwe. Kazi ambayo zamani serikali ililazimika kuajiri kampuni ya ushauri kuifanya, mwanafunzi anaweza kuianza akiwa na intaneti tu.

Kuna kipengele kimoja ambacho ningependa kila mtumiaji akiangalie kwa makini. Takwimu ya kasi inayojitokeza mbele zaidi, baada ya kuchora eneo lako, ni wastani wa asilimia 10 ya eneo hilo yenye upepo mkali kuliko kwingine. Maandishi yanaeleza hivyo waziwazi, lakini ni rahisi kuyapita. Mtu akichora mkoa mzima, akachukua namba hiyo na kuiandika kwenye ripoti kana kwamba ni ya mkoa mzima, atakuwa amechukua upepo wa vilele vya milima na kuwagawia mabonde. Kosa hilo si dogo hata kidogo, kwa kuwa nguvu iliyomo katika upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi: upepo wa mita 8 kwa sekunde una zaidi ya mara mbili ya nguvu ya upepo wa mita 6. Kwenye maeneo ya milima na makorongo ramani yenyewe huweza kukosea, na ndiyo maana hakuna benki makini itakayotoa mkopo wa mradi kwa kutegemea ramani peke yake; itadai vipimo vya mlingoti uliosimama kwenye eneo husika kwa mwaka mmoja au zaidi.

Hadi hapo huduma haina lawama. Tatizo langu linaanza pale rangi za ramani zinapochukuliwa kuwa utabiri wa uwekezaji, yaani penye wekundu pasubiriwe mitambo na penye buluu pasahauliwe. Historia ya miaka 40 iliyopita inakataa usomaji huo karibu kila mahali unapoijaribu.

Chukua Ujerumani. Ukiondoa bahari na ukanda wa pwani ya kaskazini, sehemu kubwa ya nchi hiyo ina upepo wa wastani tu, na kadiri unavyoelekea kusini ndivyo unavyozidi kupungua. Mtu aliyepewa ramani bila maelezo mengine asingeiweka nchi hiyo mbele ya Patagonia, kusini mwa Argentina, wala mbele ya Skotlandi. Hata hivyo, Ujerumani iliongoza dunia kwa uwezo wa mitambo ya upepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi Marekani ilipoipita mwaka 2008, na mpaka leo inaongoza Ulaya. Chanzo chake ni sheria iliyoanza kutumika Januari 1991, ambayo iliyalazimisha mashirika ya umeme kuupokea umeme wa upepo na kuulipia asilimia 90 ya bei ya wastani waliyotozwa wateja. Mwaka 2000 ikafuata sheria nyingine, maarufu kwa kifupi cha EEG, iliyoiweka bei ndani ya sheria yenyewe kwa miaka 20 na kuupa umeme huo nafasi ya kwanza kwenye gridi, yaani mtandao wa njia za umeme.

Miaka hiyo 20 ndiyo iliyofanya kazi kubwa, na inafaa kueleza kwa nini. Mtambo wa upepo haununui mafuta. Karibu gharama yake yote hulipwa kabla haujazalisha hata uniti moja: minara, mapanga, msingi wa zege, nyaya, barabara ya kufika. Fedha hizo kwa sehemu kubwa ni za mkopo, kwa hiyo bei ya uniti hutegemea riba karibu sawa na inavyotegemea upepo. Benki inayojua kwamba mteja wake atalipwa bei fulani kwa miaka 20 kwa mujibu wa sheria hutoza riba ndogo. Benki isiyojua hilo hutoza kubwa, au hukataa kabisa. Kwa njia hii, eneo lenye upepo wa wastani na sheria inayoaminika linaweza kuuza umeme kwa bei nafuu kuliko eneo lenye upepo mkali na serikali inayobadilika-badilika. Wajerumani walikwenda mbali zaidi: sheria yao iliupa mtambo uliojengwa mahali pa upepo dhaifu bei ya juu kwa muda mrefu zaidi, ili miradi isirundikane yote pwani. Ramani ya upepo ilisomwa na watunga sheria, kisha wakapunguza kwa makusudi tofauti ilizozionyesha.

Nchi hiyohiyo ilionyesha pia upande wa pili. Mwaka 2017 ilihamia kwenye minada, ambapo anayeomba bei ndogo ndiye anayeshinda, na vikundi vya wananchi vikaruhusiwa kushiriki kabla ya kupata vibali vya ujenzi. Vilishinda sehemu kubwa mno ya minada ya mwaka huo, na miradi yao mingi haikujengwa. Wakati huohuo vibali vilizidi kuchelewa na kesi mahakamani kuongezeka. Uwezo mpya uliojengwa nchi kavu, uliokuwa umepita megawati 5,000 mwaka 2017, ulishuka hadi takriban megawati 1,000 mwaka 2019. Ukifungua ramani leo hutaona alama yoyote ya anguko hilo, kwa kuwa hakuna kilichobadilika angani. Kilichoanza kulirekebisha ni sheria ya mwaka 2022 iliyoyataka majimbo kutenga asilimia 2 ya ardhi ya nchi kwa ajili ya mitambo ya upepo ifikapo mwaka 2032, pamoja na uamuzi wa kuitambua miradi hiyo kuwa na maslahi makubwa ya umma pale inapopimwa dhidi ya mambo mengine. Binafsi naona kipengele hicho cha ardhi na vibali kina uzito kuliko mabishano yote ya bei yaliyokitangulia.

Marekani inafundisha jambo hilohilo kwa namna inayoumiza zaidi. Mwaka 1992 Bunge lake lilianzisha nafuu ya kodi iliyolipwa kwa kila uniti inayozalishwa, kwa miaka 10 ya kwanza ya mtambo. Ulikuwa uamuzi mzuri, hasa ukikumbuka kwamba nafuu za awali zilizoijaza California mitambo mwanzoni mwa miaka ya 1980 zililipa kwa kujenga, bila kujali kama mtambo unazunguka au umekufa. Dosari ilikuwa muda. Nafuu hiyo iliachwa ife katikati ya mwaka 1999, kisha mwishoni mwa 2001, kisha mwishoni mwa 2003, na kila mara ikafufuliwa baadaye. Ujenzi ukaporomoka mwaka 2000, 2002 na 2004. Mwaka 2012, wawekezaji wakihofia kwamba itakufa tena, zilisimikwa megawati zipatazo 13,000. Mwaka uliofuata zilisimikwa takriban 1,100. Nyuma ya namba hizo kuna viwanda vya mapanga vilivyoajiri na kufukuza watu kwa kufuata kalenda ya Bunge. Mafundi hawafunzwi kwa mwaka mmoja, na mwenye kiwanda asiyejua kama atakuwa na oda mwaka kesho hawezi kununua mashine mpya. Nauona huo kuwa upotevu mkubwa zaidi katika historia yote ya sera za upepo, kwa sababu fedha za umma zilitumika kwa wingi na bado hazikununua utulivu. Mwaka 2022 ilipitishwa sheria iliyoahidi nafuu ya muda mrefu, lakini sheria ya Julai 2025 imeufunga mlango mapema: mradi wa upepo usioanza ujenzi kufikia tarehe 4 Julai 2026 unatakiwa uwe umeanza kufanya kazi kabla mwaka 2027 haujaisha.

Ndani ya Marekani hiyohiyo, Texas ilichagua njia tofauti kidogo na ikafanikiwa. Mwaka 1999 iliweka lengo la kisheria la umeme jadidifu, yaani wa vyanzo visivyokwisha kama upepo na jua, na mwaka 2005 ikaamua kujenga njia za kusafirishia umeme kuelekea magharibi yenye upepo kabla mitambo haijajaa huko. Njia hizo zilikamilika takriban mwaka 2014 kwa gharama ya karibu dola bilioni 7, zilizogawanywa kwa watumiaji wote. Leo hakuna jimbo la Marekani linalozalisha umeme mwingi wa upepo kuliko Texas.

Gridi ndicho kitu ninachokikosa zaidi kwenye huduma hii, na hapa natoa lawama ya wazi. Takwimu za upepo zinapotolewa bila neno lolote kuhusu nafasi iliyobaki kwenye njia za umeme, msomaji mgeni hupotoshwa hata kama hakuna aliyekusudia kumpotosha. Afrika Kusini ni mfano ulio wazi. Upepo wake bora uko kwenye majimbo ya Rasi (Cape), mashariki na magharibi, na mpango wake wa zabuni ulioanza mwaka 2011 uliijaza sehemu hiyo miradi kwa bei zilizoshuka raundi baada ya raundi. Kisha shirika la umeme la Eskom likakataa kutia saini mikataba ya raundi iliyofuata, na miradi 27 ikasubiri hadi Aprili 2018. Katika raundi ya sita, mwishoni mwa mwaka 2022, hakuna hata mradi mmoja wa upepo uliochaguliwa, kwa kuwa gridi ya maeneo yenye upepo ilikuwa imejaa. Kwenye ramani, wekundu wa Rasi haukupungua hata chembe.

Nchini Kenya, mitambo 365 ya Ziwa Turkana ilikuwa imekwisha kusimama mwaka 2017, yenye uwezo wa megawati 310, lakini njia ya umeme ya kwenda Suswa ilikamilika mwaka uliofuata tu, na kwa muda huo wote upepo ulivuma bila kuingiza uniti moja kwenye gridi. Nchini China, jimbo la Gansu lilijengewa mitambo mingi kuliko njia za kuusafirisha umeme wake, na mwaka 2016 zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa upepo uliokuwa ukiweza kuzalishwa huko ulitupwa.

China yenyewe ingestahili makala ya peke yake. Sheria yake ya umeme jadidifu ilianza kutumika mwaka 2006, bei za kudumu kwa kanda nne za upepo zikawekwa mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikawa ya kwanza duniani kwa uwezo wa mitambo. Nafuu ya nchi kavu ilipotangazwa kufikia kikomo mwishoni mwa 2020, wajenzi walikimbizana na tarehe hiyo kwa kasi ambayo dunia haikuwahi kuiona. Tofauti na Marekani ni kwamba baada ya mkurupuko huo soko halikufa, kwa kuwa serikali za majimbo na makampuni ya umma yalikuwa na malengo mengine ya kuyafikia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Argentina, kwa sababu unatenganisha vizuri upepo na soko. Patagonia ina upepo ambao kila mhandisi anauonea wivu, na umekuwepo tangu zamani. Hata hivyo, mwaka 2015 nchi nzima haikufikisha megawati 300 za mitambo ya upepo. Wawekezaji hawakuwa na shaka na upepo. Shaka yao ilikuwa kama watalipwa, na kwa fedha gani. Sheria ya mwaka 2015 na minada ya umeme jadidifu iitwayo RenovAr, iliyoanza mwaka 2016, ilikuja na mikataba ya miaka 20 kwa dola, mfuko wa dhamana wa serikali, na nyuma yake dhamana ya Benki ya Dunia. Kufikia mwisho wa mwaka 2020 nchi hiyo ilikuwa na zaidi ya megawati 2,500. Baadaye kasi ilipungua, kwa sababu ya hali ya uchumi na kwa kuwa njia za kusafirisha umeme kutoka kusini zilijaa. Benki ya Dunia, ambayo ni mshirika wa ramani hii, ndiyo pia iliyotoa dhamana ile, na ningefurahi kuona maarifa hayo mawili yakikutana mahali pamoja.

Lipo pia jambo la uaminifu ambalo ramani yoyote haiwezi kulichora. Uhispania, iliyokuwa miongoni mwa masoko makubwa ya Ulaya, ilisimamisha bei zake za miradi mipya mwaka 2012, kisha ikabadilisha malipo ya mitambo iliyokwisha kujengwa. Mwaka 2015 haikusimikwa hata megawati moja. Naelewa kwamba deni la mfumo wake wa umeme lilikuwa limekuwa mzigo mkubwa, na serikali yoyote ingelazimika kutenda. Lakini kupunguza bei kwa miradi ijayo ni jambo moja, na kugusa ahadi iliyokwisha kukopewa fedha ni jingine kabisa. La pili hukumbukwa na mabenki kwa miaka mingi, nayo huiandika kumbukumbu hiyo ndani ya riba.

Kwa nani, basi, naipendekeza huduma hii? Kwa mwalimu na mwanafunzi, bila masharti. Kwa halmashauri inayotaka kujua kama inafaa kusimamisha mlingoti wa vipimo, naipendekeza pia. Kwa ofisa wa wizara anayeandaa sera, naipendekeza kwa sharti kwamba aifungue sambamba na sheria ya umeme ya nchi yake, ramani ya njia za umeme, na hesabu za shirika litakaloununua umeme huo, kisha ajiulize ni ipi kati ya hizo inayokwamisha. Mara nyingi jibu halitakuwa upepo. Kwa mwekezaji mdogo anayeitumia kununua ardhi kwa sababu tu ina rangi nyekundu, simpendekezei.

Kwa watengenezaji nina ombi moja. Yale matokeo ya asilimia 10 yaandikwe kwa herufi kubwa kuliko ilivyo sasa, na karibu yake iwekwe takwimu ya eneo zima bila mtumiaji kulazimika kuitafuta. Hawahitaji kuwa washauri wa sera, lakini wanaweza kuweka kwenye ukurasa wa kila nchi mwaka ambao sheria yake ya umeme jadidifu ilianza kutumika na uwezo uliosimikwa tangu hapo. Mistari miwili hiyo ingemfundisha msomaji mengi.

DTU ina sababu ya pekee ya kulielewa hili. Njia za kukokotoa upepo zinazotumika kwenye ramani zina mizizi Risø, ambako serikali ya Denmark ilianzisha kituo cha kupima mitambo mwaka 1978. Mwaka uliofuata ilianza kuwarudishia wanunuzi asilimia 30 ya gharama, kwa sharti kwamba mtambo uwe umeidhinishwa na kituo hicho, na kwa sharti hilo mitambo mibovu ikachujwa mapema sokoni. Lakini Desemba 2024 nchi hiyohiyo ilipofunga mnada wa megawati 3,000 katika Bahari ya Kaskazini, kwenye maji ambayo ramani inayapaka rangi zake kali zaidi, bila ruzuku na kwa masharti ya wawekezaji kuilipa serikali, hakuna hata kampuni moja iliyojitokeza. Mwaka 2025 serikali ilirudi mezani na kukubali kutenga ruzuku ya zaidi ya kroni bilioni 50, kwa mkataba unaomhakikishia mzalishaji bei na kuirudishia serikali ziada pale bei ya soko inapopanda.